Mbegu ya MaTolo: Sehemu ya Tisa

Wiki nzima mmemwacha amepiga magoti, jamani! Mmekula, mmelala, mmegombana na majirani zenu, na Nosapho yuko pale pale nyuma ya jiko, magoti kwenye udongo wa kitalu, jani la mche katikati ya vidole viwili. Haya, tumwinue.

Jani lilikuwa pana.

Anayeijua bangi ya nyumba ile hahitaji kuambiwa zaidi. Bangi ya kina Nyawuza hutoa jani jembamba, la vidole virefu vyepesi. Hili lilikuwa nene, limejitandaza kama mguu wa bata.

Na aliyesia mbegu ni yeye mwenyewe! Kwa mkono wake, kutoka kwenye kibuyu kinachoning'inia juu ya moto wa jikoni, mbegu na jivu pamoja. Wiki tatu amemwagilia. Wiki tatu amefukuza kuku. Wiki tatu amelea mtoto wa watu akidhani ni wake.

Mtu aliingiza mkono kwenye kibuyu. Mtu alimwaga mbegu ya nyumba, akatia nyingine, na Nosapho asijue.

"Makoti! Mbona umeganda hapo kama umeona nyoka?"

Alikuwa mama mkwe wake, MaTolo, maana kule mkaza mwana huitwa makoti. Amesimama kwenye kona ya nyumba na fimbo yake. Macho ya MaTolo yamefifia, lakini hayajafifia kiasi hicho. Aliinama, akalishika jani, akalipapasa kwa kidole gumba. Uso ukambadilika.

"Umeiuza," alisema. Hakuuliza.

"Mama! Niuze mimi?"

"Kibuyu nilimpa nani? Nilimpa paka? Nilikupa wewe! Umeipeleka kwenu. Kwenu kuna njaa, kila mtu anajua."

Nosapho alisimama. Hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo.

"Kwetu njaa ipo, Mama. Wezi hakuna."

Hivyo mkaza mwana hamjibu mama mkwe wake. Alijua, na alijibu.

"Ungekuwa binti yangu ningekupiga kofi!"

"Ningekuwa binti yako usingeniita mwizi!"

Mnaosoma leo kwa mara ya kwanza, msikilize, maana sitarudia. Katika nyumba ile mbegu haipiti kwa wanaume. Mama mkwe humkabidhi mke wa mwanawe, naye atamkabidhi wa kwake. MaTolo alipewa kibuyu na mama mkwe wake, marehemu. Nosapho alipewa majira ya baridi yaliyopita, siku MaTolo alipokiri kwamba hawezi tena kutenga punje nzima na punje mbovu. Mumewe Nosapho yuko migodini Rustenburg na simu yake ni ya kubahatisha. Kilima kizima kimeshahamia mbegu za pakiti. Nyumba iliyobaki na mbegu ya zamani ni hiyo moja. Ikipotea hapo, imepotea duniani.

Mmeelewa kwa nini wanawake wawili wanaopendana walikuwa tayari kurukiana kooni? Basi tuendelee.

Mlango wa nyumba ya vijana ulifunguliwa. Akatoka Lwandiso, shemeji yake Nosapho, kitinda mimba wa MaTolo, na bakuli la ugali wa chenga na maziwa mgando. Anatafuna. Ametulia. Tena ametulia mno.

"Kelele za nini asubuhi yote hii? Hata mbwa wamehama."

"Njoo utazame," MaTolo alisema. "Njoo utazame shemeji yako alivyoiua nyumba."

Lwandiso alichuchumaa kwenye kitalu. Alitazama miche, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Aa, Mama! Mnalilia nini? Miche mizuri hii! Tazama shina lilivyonona. Hii mtaivuna kabla mvua ya mawe haijafika. Na mtapumzika migongo yenu, maana hakuna dume hata moja la kung'oa humu."

Akachota kijiko kingine cha ugali.

Nosapho alimtazama. Alikuwa anayarudia maneno yale kichwani, moja moja.

Msomaji wa mjini, unaweza usione kitu hapo. Wanawake wa kule wameona. Bangi ina dume na ina jike. Madume hung'olewa, yakaachwa machache tu ya kutoa mbegu ya mwakani. Lakini dume halijulikani mpaka lichanue, na kuchanua ni mwisho wa kiangazi. Mche wa wiki tatu, hata uuvue nguo zote, hutaona kitu!

"Shemeji," Nosapho alisema polepole. "Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba hakuna dume."

Kijiko kilisimama njiani. Mdomo uliponza kichwa.

"Nimesema tu."

"Hakuna mtu anayesema tu hivyo. Mimi sijui. Mama yako hajui, naye amepanda kabla hujazaliwa. Wewe, ambaye hujawahi hata kuchota debe moja la maji ya kitalu, umejuaje?"

"Shemeji, usinihoji kama polisi."

"Mbegu isiyo na dume ni ya pakiti. Na pakiti kilimani hapa zinaletwa na mtu mmoja. Niseme jina lake, au utasema wewe?"

MaTolo aliinyoosha shingo taratibu. Alimgeukia mwanawe, akampokonya bakuli mikononi, akalimwaga chini lote, ugali na maziwa. Kuku wakaja mbio.

"Sema," alisema.

Kijana alitazama ugali wake ukidonolewa. Kisha akalipuka.

"Ndiyo! Ni mimi! Mnataka nife? Mwaka jana mvua ya mawe ilitupiga bado hatujavuna, kwa sababu ya hii mbegu yenu inayochelewa kuiva kama deni la serikali! Wanunuzi wanapita hapa wakicheka. Mnajua wanaiitaje? Bangi ya bibi! Mimi nitaoa kwa bangi ya bibi?"

"Na hii mpya umepewa na Zamuxolo," Nosapho alisema.

"Nimepewa, ndiyo! Na mavuno yote atanunua yeye. Na mbegu yetu ataitunza, mahali pa baridi, kwenye kabati la kioo, na jina la ukoo wetu juu. Mtu anakuheshimu hivyo, nyinyi mnamwita adui."

"Akishaiweka kwenye kioo, mwakani utapanda nini?"

"Hii hapa."

"Hii haizai mbegu, mpumbavu wewe! Haina dume, itazaaje? Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha utaenda kumpigia Zamuxolo magoti akuuzie tena. Na akipandisha bei utalipa. Na akikasirika hutalima. Umetuuza mpaka wajukuu, na bado unalia ugali!"

Labda Lwandiso hakuwa amefikiria mpaka huko. Vijana wengi hawafiki huko.

"Mbegu yetu iko wapi?" MaTolo aliuliza. "Imeshaondoka?"

"Ipo. Niliihamisha juzi, na anaifuata leo." Akatabasamu, tabasamu baya. "Na msihangaike kuitafuta. Iko mahali ambapo shemeji hawezi kuweka mguu."

Angenyamaza hapo angepona. Lakini macho yake yalikimbia, mara moja tu, yakaenda mbele ya nyumba.

Zizini.

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako. Pale mbele ya kila nyumba ya kule kuna zizi la ng'ombe, na zizi si la ng'ombe peke yao. Wahenga wa nyumba wako humo. Wanaume huzungumza nao humo na huzikwa kando yake. Mkaza mwana halisogelei. Kuku wake akiingia humo, humwacha mpaka atoke kwa hiari yake. MaTolo mwenyewe, na mvi zote zile, katika nyumba ya mume mwenye msimamo kama wake, hajawahi kulikanyaga.

Na chini ya zizi, kila mtu anajua, kulikuwa na shimo. Zamani walihifadhi mahindi humo, likafunikwa kwa jiwe bapa na samadi juu yake.

"Kailete," MaTolo alimwambia mwanawe.

"Siendi."

"Lwandiso. Mimi ndiye niliyekuzaa. Kailete."

"Msubirini Tata arudi joshoni. Akisema nitoe, nitatoa."

Tata, baba mkwe wake Nosapho, alikuwa amepeleka ng'ombe joshoni tangu alfajiri. Josho liko ng'ambo ya mto. Na kabla MaTolo hajafungua mdomo tena, honi ililia barabarani, ndefu, ya mtu anayejua kwamba anasubiriwa.

Gari jeupe lilikuwa linapanda mlima.

Lwandiso alijifuta mikono kwenye suruali, akaanza kutembea kuelekea zizini. Hakukimbia. Kwa nini akimbie? Nani angemzuia?

Nosapho alimtazama mgongo. Aliona mbegu ikitoka zizini, ikipakiwa garini, ikiteremka mlima. Aliona kibuyu kikining'inia juu ya moto, kina jivu tu. Moyoni akasema: liwalo na liwe.

Akakusanya sketi yake mkononi, akakimbia.

Alimpita Lwandiso kama upepo. Aliinama chini ya miti ya lango, akateleza, akaingia.

"MAKOTI!" Sauti ya MaTolo ilipasuka. "Makoti, zizini! Toka! Utatuua!"

Wanawake waliokuwa bombani walitua ndoo zao. Lwandiso alisimama langoni, mdomo wazi. Uliwahi kumwona mtu akimwona ng'ombe anaongea? Basi hivyo.

Na Nosapho? Alisimama katikati ya zizi, miguu mitupu kwenye samadi yenye uvuguvugu, akasubiri kufa.

Hakufa. Hakuna radi iliyopiga. Inzi waliendelea na kazi zao.

"Hata ukitoka sasa, umeshakwisha," Lwandiso alisema. "Utarudi kwenu leo. Na hapa utarudi na ng'ombe wa kutakasa zizi, na kwenu hawana hata mbuzi!"

Hakumsikiliza. Alikuwa ameona samadi iliyochimbuliwa juzi juzi na kurudishwa vibaya, karibu na ukuta. Akaifukua kwa mikono. Jiwe. Akalisukuma kwa bega. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya maji yaliyooza. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa.

Kitambaa. Kizito. Kimelowa chapa.

Kimelowa?

Alikivuta juu, akakifungua mapajani, akatazama. Nakuambieni, nimeandika mengi katika hadithi hii, lakini hapa kalamu yangu inataka kutoboa karatasi.

Mbegu zilikuwa zimepasuka. Karibu zote. Kila punje imechomoza kimkia cheupe.

"Umefanya nini?" alinong'ona. Kisha akapaza sauti mpaka bombani wakasikia. "UMEFANYA NINI? Mvua zimeanza, wewe unaitia mbegu shimoni! Mama yako ameitundika kwenye moshi maisha yake yote, na mama mkwe wake kabla yake, isiguswe na unyevu. Wewe umeikalisha kwenye maji! Imechipua! Imechipua yote!"

"Imechipua?" MaTolo aliuliza kutoka nje ya ukuta. Hakuthubutu kusogea karibu. "Makoti, mikia ni mirefu?"

"Kama ukucha, Mama."

MaTolo alishika kichwa. Mbegu iliyochipua hairudi kuwa mbegu. Huiweki kibuyuni, huihifadhi, huwezi hata kuibeba mbali, maana mkia ukikatika punje imekufa. Ni ardhini siku hiyo hiyo, au ni jalalani.

Gari lilisimama. Akashuka Zamuxolo, viatu safi, miwani ya jua. Aliegemea ukuta wa zizi kama mtu anayetazama mnada, akachungulia mapajani mwa Nosapho.

Halafu akacheka.

Lwandiso alianza kujitetea mbio mbio. "Kaka, samahani, sikujua shimo lina maji. Labda chini kabisa zipo kavu, nitakuchagulia, za kabati zitapatikana tu."

"Kabati gani?"

"La kioo. Ulilosema."

"Ahaa, hilo." Zamuxolo alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Usijisumbue, ndugu yangu. Zimeshachipua, ziache tu juani. Umenisaidia kazi."

Nosapho aliinua kichwa. "Kazi gani?"

"Dada, sina ugomvi na wewe. Wewe ni mkulima, utanielewa. Mimi nimegawa pakiti kilima kizima. Zote majike. Bangi jike isiyopandwa na dume ndiyo inayouzwa. Sasa nyumba moja, moja tu, inaacha madume yake yachanue. Upepo ukivuma, vumbi la dume lenu linashuka mpaka bondeni. Mashamba yangu yote yanajaa mbegu. Na bangi iliyojaa mbegu siiuzi popote." Akavaa miwani. "Sikuhitaji mbegu yenu niipande. Nilihitaji mtu yeyote asiipande tena."

Lwandiso alimtazama. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto ghafla.

"Uliniambia jina la ukoo wetu litaandikwa."

"Nilikuambia ulichotaka kusikia."

Unataka kumhurumia Lwandiso? Mhurumie wewe. Mimi bado sijawa tayari.

Nosapho naye hakuwa na muda huo. Jua lilikuwa linapanda, na ile mikia myeupe ilikuwa imeanza kusinyaa pembeni. Afanyeje? Kitaluni asingefika. Langoni kulikuwa na wanaume wawili, na kitalu chenyewe kilikuwa kimejaa majani ya bata. Alitazama huku na huku. Akatazama chini.

Upande wa juu wa zizi samadi ilikuwa kuukuu, imekuwa udongo mweusi laini unaopukutika. Mkulima yeyote angeutamani udongo ule. Yeye angeuona lini, na haruhusiwi hata kuutazama?

Alifungua kitambaa chake cha kichwa.

MaTolo aliguna kwa uchungu. Makoti kichwa wazi, zizini, mchana kweupe! Lakini Nosapho alikitandaza juu ya mbegu kuzikinga na jua, akapiga magoti, akaanza kutoboa udongo kwa kidole. Tundu, punje, udongo. Tundu, punje, udongo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya hasira tupu.

"Lwandiso," Zamuxolo aliita. "Mtoe huyo."

Lwandiso hakutikisika.

"Nimesema mtoe!"

"Ingia umtoe wewe," Lwandiso alijibu kwa sauti ndogo.

Zamuxolo hakuingia. Mhuni, ndiyo, lakini mhuni wa kule kule. Mtu wa ukoo mwingine haingii zizi la watu bila mwenyewe. Akakunja mikono kifuani.

"Basi tutamsubiri mwenyewe."

Na mwenyewe alikuwa amefika.

Mlio wa ng'ombe ulitangulia, kisha harufu kali ya dawa ya josho. Walikuja kwa fujo, wamelowa, wana kiu, macho yamewatoka kama kawaida ya ng'ombe waliotumbukizwa dawani. Nyuma yao Tata, koti lake refu na fimbo. Ng'ombe wakajazana langoni. Yeye akapita katikati yao mpaka kwenye miti ya lango, akaona.

Aliona jiwe lililosukumwa. Aliona mke wa mwanawe kichwa wazi, matope mpaka kwenye viwiko, akichokonoa samadi ya wahenga wake.

"Toka," alisema.

Nosapho hakuinuka, lakini mikono ilisimama. "Tata, naomba unisikilize. Mbegu imeibwa ikafichwa humu. Imechipua. Nikiinuka itakufa."

"Ng'ombe wangu wanataka kuingia. Toka."

"Tata, wakiingia watakanyaga yote!"

"Makoti, nimesema mara mbili."

Hapo ndipo jambo moja lilipomjia Nosapho, na lilimjia vibaya. Shimo lile lilifunikwa miaka mingi, kabla Lwandiso hajazaliwa. Jiwe lilikuwa chini ya samadi ya miaka yote hiyo. Zizi ni pana. Kijana angejuaje pa kuchimba?

Aligeuza uso kwa shemeji yake. "Nani alikuonyesha shimo?"

Lwandiso alitazama viatu vyake.

"Nani alikuonyesha, Lwandiso?"

"Mimi," Tata alisema.

Fimbo ya MaTolo ilianguka chini.

"Ni mimi niliyemwonyesha. Nilimwambia, iweke humo, wanawake hawatafika. Nimechoka! Mnasikia? Nimechoka kuwa maskini mwenye mbegu nzuri. Baba yangu alikufa akiisifu, na tulimzika kwa blanketi la kuazima. Nyumba zote hapa zina bati jipya. Mimi nina kibuyu!" Alipiga fimbo kwenye mti wa lango. "Sasa toka kwenye zizi la baba zangu kabla sijasahau kwamba wewe ni mke wa mwanangu."

Tangu aolewe, msomaji, Nosapho hakuwahi kulitamka jina la mzee huyu. Si mbele yake, si mgongoni mwake, si usingizini. Mkaza mwana hulikwepa jina la baba mkwe wake, na hata neno linalofanana nalo hulitafutia jingine. Mwenyewe kwao aliitwa Zintle, akaliacha jina lake mlangoni siku aliyoingia, akavikwa hili la Nosapho, akanyamaza. Alikuwa amenyamazia mengi.

Aliinuka. Udongo ulimdondoka magotini.

"Mbuyiselo!"

Bombani ndoo ilipinduka.

"Mbuyiselo, nakuita! Ng'ombe hao nyuma yako wamenunuliwa na nini? Si na mbegu hii? Mahari ya mke wako ilitoka wapi? Mahari yangu mimi ilitoka wapi? Mlikuja kwetu na ng'ombe wanane wa bangi hii, mkanichukua, mkaniambia kazi yangu ni kuilinda. Nimeilinda! Nimeilinda na kuku, na mvua, na wezi, sikujua kwamba mwizi ndiye ninayempelekea maji ya kunawa! Unasema toka. Utanitoa wewe, Mbuyiselo, maana mimi sitoki!"

Akapiga magoti tena. Tundu, punje, udongo.

Mzee alikuwa amekuwa rangi ya jivu. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwita hivyo tangu mama yake azikwe.

Ndipo MaTolo alipoanza kutembea.

Alitembea bila fimbo, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Wote walidhani anaenda kumkamata makoti nywele. Nosapho naye alidhani hivyo, akajikaza kupokea kofi lile la asubuhi. Bibi alifika langoni, kando ya mumewe, asimtazame. Aliinamisha mgongo wake mbovu, kwa taabu, akaupitisha chini ya miti.

"MaTolo!" mumewe alipaza sauti. "Wewe pia?"

Alisimama ndani. Alivuta pumzi ya zizi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatazama kwa macho yake mafifu kuta zile, samadi, lile jiwe.

"Nimepita mbali na mahali hapa tangu nikiwa msichana," alisema. "Nilidhani humu kuna kitu kinachotulinda. Kumbe kuna shimo tu."

Akasogea mpaka alipokuwa Nosapho, akajishusha taratibu, goti moja, kisha la pili.

"Nilikuita mwizi, mwanangu."

"Mama, jua linakausha mbegu."

"Basi nipe."

Nosapho alimjazia kiganja. Bibi hakuhitaji macho. Vidole vyake vilijua.

"Nyawuza," Zamuxolo alisema kwa upole, akimwita mzee kwa jina la ukoo wake, kwa heshima zote. "Wafungulie ng'ombe, mzee wangu. Wanyama wana kiu. Zizi ni lako."

Ng'ombe walisukumana. Dume jeusi lilikuwa limeshaingiza pembe kati ya miti, linakoroma. Lwandiso alisema kitu, labda "Tata, hapana," lakini hakikusikika vizuri.

Tata aliwatazama wanawake wake wawili, migongo yao miwili imeinama juu ya udongo wa baba zake. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.

Akaushika mti wa juu wa lango, ule unaotolewa kwanza ng'ombe wanapofunguliwa, akauvuta.